Ulimi wa Velma

Shemasi Hosea Pettway aling'ata tamale yake, akaacha kutafuna, akainamisha macho kama mtu aliyepashwa habari za msiba. Kisha akameza kwa shida, akatabasamu.

"Tamu, Dada Velma. Kama kawaida."

Velma Crenshaw hakudanganyika. Kwa miaka thelathini na minne watu wa Larkin, na wa miji mingine ya Mississippi, walikuwa wakipanga foleni mbele ya kibanda chake kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa upole wa namna ile. Walizoea kumpigia kelele: "Pilipili hii unataka kuniua, mama?"

Tangu alipougua mapafu wakati wa baridi, ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi. Kahawa, siki, asali, vyote kwake vilikuwa maji tu. Hakumwambia mtu. Alipika kwa kukumbuka, lakini mkono uliozoea kuongozwa na ulimi ulianza kupotea njia.

Akaingia jikoni. Mkwewe, Renita, alikuwa akifunga tamale, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, kazi pekee aliyoruhusiwa kwa miaka tisa. Sufuria hakuigusa. Alizaliwa Chicago, na Velma alikwishatangaza kanisani kwamba watu wa Chicago hawajui kutofautisha chumvi na sukari.

"Renita, hebu onja."

"Mimi?"

"Kuna Renita mwingine humu?"

Renita akaonja nyama, akajaribu kutabasamu.

"Sema kweli. Usinifanyie ushemasi."

"Chumvi imezidi, Mama. Inazidi tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka! Na mkaninyamazia?"

"Nani angethubutu? Mchungaji mwenyewe ulimfukuza humu kwa kufunua sufuria."

Velma akacheka. Akavuta kigoda, akaketi.

"Sisikii ladha, mwanangu. Hata chembe."

Renita hakusema pole. Alifunga upya kitambaa kichwani, akaiteremsha sufuria, akabandika nyingine, akaanza mwanzo. Alitia bizari, akaonja. Akatia pilipili, akaonja tena, macho ameyafumba. Mara mbili Velma alifumbua mdomo amwambie vijiko vingapi, na mara mbili akaufumba.

Nje watu walianza kunung'unika.

"Waambie wasubiri," Renita alisema bila kugeuka.

Velma hakuwahi kuamrishwa ndani ya jiko lile. Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwa aproni, akatoka kwenda kuwaambia.