Ukuta wa Majina, Minago

Majina arobaini na matatu yalikuwa ukutani, na karani wa serikali alikuwa anakuja kuyanakili. Ilikuwa Mei, 1972. Wiki zile, mtu ambaye jina lake limeingia kwenye karatasi alipandishwa lori, na lori lilirudi tupu.

Ukuta ulikuwa wa shule ya zamani ya Minago. Mapadri waliijenga kwa matofali mabichi ya udongo. Nilisoma humo miaka mitatu, nikatoka kwenda kukamua mawese, na sijuti. Mwaka wa Uhuru watoto walihamia shule mpya, ile ya zamani ikabaki na popo. Mwalimu Modeste akaomba ufunguo. Alisema nyumba iliyotufundisha kunyamaza sasa itatufundisha kupiga kelele. Tukaingiza ngoma, ususi wa mikeka, na michezo ya kuigiza iliyowacheka wakubwa.

Hatukumlipa mtu. Aliyecheza mbele ya watu aliandikwa ukutani: jina lake, la baba yake, na kijiji. Hayo ndiyo yalikuwa malipo. Wino niliutengeneza mimi, masizi ya chungu na mawese. Miaka kumi mvua ilipenya paa na wino haukutoka. Nilijisifu sana kwa hilo.

Habari ililetwa na Bi Kulthum, aliyekuwa akitufundisha kupiga dufu. Ndugu yake Humoud ana duka mjini Rumonge. Karani alikwenda pale kununua karatasi, akatamba kwamba kesho atasoma ukuta wa Minago. Waarabu wenzake siku zile walifunga milango yao wakatulia. Bi Kulthum alipanda mtumbwi wa kuvulia ndagala akaja.

Alfajiri tulikuwa saba shuleni. Mtumbwi ule ule ulikuwa unamsubiri Modeste kumvusha ziwa hadi Kongo, maana walimu walikuwa wakitafutwa wa kwanza.

"Nenda," mke wake Esperance akamwambia. "Ukuta tutaumaliza sisi."

"Niliwaandika mimi," akasema. "Nitawafuta mimi."

Tukapaka chokaa ukuta mzima. Ulikuwa mweupe, mzuri. Jua lilipoupiga, chokaa ilianza kukauka na kubanduka kila mahali penye wino. Majina yakarudi moja moja, meusi kuliko mwanzo.

Esperance akanigeukia. "Baba Lukeba, miaka ishirini unakamua mawese, hukujua chokaa haishiki mafuta?"

Nilijua. Kila mtu wa mwambao huu anajua. Nilisahau kwa sababu ya haraka, na haraka ilitokana na woga.

"Basi tuvunje," nikasema.

"Paa litaanguka," akasema Bi Kulthum.

"Lianguke."

Tuliuvunja kwa majembe na mchi wa kinu changu. Nusu ya paa ilishuka nao. Lakini matofali yalianguka mazima, na jina husomeka hata kwenye tofali lililolala chini. Tukayaponda, tukamwaga maji ya ziwa, tukaingia kwa miguu kukanda. Esperance akaanzisha wimbo wa mchezo wetu wa kwanza, ule wa siku ya bendera, kwa sababu mguu haukandi vizuri bila wimbo. Mwenye mtumbwi alipiga filimbi mara mbili. Modeste hakugeuka. Mara ya tatu haikuja.

Karani alifika na askari wawili. Akasimama.

"Iko wapi ukuta?"

"Iko hapa, Shefu," nikasema, nikainua mguu wenye tope. "Chagua pa kuanzia kusoma."

Askari mmoja akacheka. Karani hakucheka. "Basi taja majina wewe."

"Nilitoka shule mwaka wa tatu. Sijui kusoma."

"Si nimesikia ni wewe uliyekuwa unaandika?"

"Kuandika nilijifunza. Kusoma sikufikia."

Kitako cha bunduki kikanipata mdomoni. Nikaanguka kwenye tope, na nikiwa pale chini nikaona herufi tatu nzima kwenye kipande cha udongo, mbele ya kiatu cha karani. Nilikilalia kwa kifua. Akamwendea Bi Kulthum, akamshika mkono. "Wewe utaniambia."

"Mimi ni wa dufu tu," akasema, "na mkono huo si wako."

Modeste akatoka topeni, akanawa miguu taratibu, akamwambia, "Mwache mama. Mimi ni Modeste, mwalimu. Jina langu unalo tayari."

Karani akatazama karatasi nyingine, ya mfukoni. Alikuwa nalo.

Walipomfunga mikono aligeuka akatuambia, "Bado kuna mabonge. Kandeni." Tulikanda. Esperance hakuacha kuimba hadi lori lilipopotea upande wa Rumonge, na hata baadaye hakuacha.

Mwaka uliofuata tulijenga ukuta upya kwa udongo ule ule. Hatujaandika kitu juu yake, na ngoma zinapigwa mbele yake kila Jumapili. Anayetaka kutuzuia, aje.

Gharama yake ni hii. Nusu ya paa. Ngoma mbili, zilizotobolewa na askari wakati wa kuondoka. Meno yangu matatu ya mbele. Kati ya wale arobaini na watatu, kumi na tisa walivuka ziwa, kumi na wawili wako hapa, kumi na mmoja walikamatwa njiani. Hakuna kati yao aliyekamatwa kwa sababu ya ukuta. Na mwalimu mmoja, wa arobaini na tatu, ambaye mtumbwi wake ulimsubiri.