Blauzi ya Wifi

Gereji ya magari ya wagonjwa ilikuwa imegeuzwa uwanja wa ajali. Majeruhi wa kuigiza walilala sakafuni, wamepakwa rangi nyekundu na kunyunyiziwa unga maalumu badala ya vumbi la mionzi. Binti wa mapokezi ya simu za dharura alikuwa anafanya mtihani huu wa uhudumu wa gari la wagonjwa kwa mara ya mwisho. Akifeli, anarudi kwenye simu, kusikiliza vilio vya watu asioweza kuwafikia.

Majeruhi wake wa kwanza alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Nakufa mimi, wewe unatembea kama bibi harusi!"

"Anayepiga kelele anapumua. Tulia, wifi."

Paja la wifi lilikuwa limelowa rangi. Kipima mionzi cha mazoezi kikaanza kulia. Dereva aliyekuja na machela akarudi nyuma. Binti hakurudi. Damu kwanza, mionzi itasubiri. Akafunga mkanda juu ya jeraha, akakaza mpaka wifi akatukana kwelikweli.

Zikafuata nguo. Akashika mkasi.

"Thubutu!" wifi alinong'ona. "Blauzi mpya hii. Ukiikata, nyumbani tusijuane."

Binti akaona haya. Wifi alikuwa na fulana ndani, basi akaweka mkasi chini, akamvua blauzi taratibu kupitia kichwani, kama anavyomvua mtoto wake.

Ilipopita usoni ndipo akili ikamrudia. Vumbi lote la kifuani lilikuwa limemwagikia puani na mdomoni.

Mkufunzi aliyesimamia mtihani alikuwa amegeukia majeruhi mwingine. Taa ya kukagulia unga uliobaki mwilini ilikuwa mezani, na si kila mtu alikaguliwa. Angeweza kunyamaza.

"Mwalimu, nimekosea! Nimempitishia vumbi usoni. Wifi, usilambe midomo!"

"Kwani mimi ni mbuz—"

"Funga mdomo!"

Akampangusa kwa kitambaa chenye maji, kuanzia mdomoni kwenda nje. Kisha akaipasua suruali kwa mkasi, bila kuomba ruhusa.

Mkufunzi akaja na taa ya zambarau. Unga uliwaka kwenye nyusi. Midomoni ulibaki kidogo.

"Hapo umepoteza alama," alisema. "Ila kosa ulilolisema, daktari atalishughulikia. Ungenyamaza, ningekurudisha kwenye simu leo hii. Umepita, tena kwa chupuchupu."

"Na suruali yangu?" wifi akadakia.

"Majeruhi haongei."

Binti hakusikia. Alishapiga magoti kwa majeruhi wa pili, mzee aliyekuwa kimya mno.