Meli Chini ya Majivu

Sebule ya Aikaeli kule Hounslow, London, ilijaa waombolezaji mpaka kwenye ngazi, na kila aliyeshiba pilau alikuwa na amri ya kutoa.

Mwanawe Noel alikufa maji mbali sana, katika bandari ya kisiwa kimoja cha Pasifiki kilichojaa milima ya volkano. Alikwenda na rafiki yake Eddie kupiga mbizi kwenye meli za vita zilizozama humo zamani. Wakiwa ndani ya meli, mlima ulitikisika, majivu yaliyolala humo miaka yote yakatibuka, maji yakawa uji. Eddie aliipapasa kamba waliyoifunga wakati wa kuingia, akatoka. Noel hakutoka.

Wakuu wa bandari walikataa kumtuma mtu wao, maana mlima bado ulikuwa unanguruma. Eddie alikuwa tayari kurudi mwenyewe kuutoa mwili. Alisubiri neno la mama wa marehemu.

"Aingie," alisema Zephaniah, shemeji yake Aikaeli. "Mtoto wetu atalazwa kihambani, shamba la ukoo, kwenye migomba, ubavuni mwa kaburi la baba yake. Wazee kule nyumbani Machame tutawaambia nini? Kwamba tumemwacha kwenye chuma cha watu?"

Aikaeli alilitaka hilo kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa nesi, alikwisha kuwaosha na kuwachana nywele maiti wengi wasio wake. Wa kwake asimguse?

Jikoni, Maureen, mama yake Eddie, alikuwa anaosha vikombe tangu asubuhi. Hakuomba chochote. Aikaeli alimchukia, kwa kuwa mwanawe alikuwa hai.

Simu ikalia. Eddie alizaliwa London, na alizungumza Kiingereza chake cha siku zote.

"Anti, niko tayari. Kamba bado ipo."

"Ulikuwa naye karibu?" Aikaeli alimuuliza.

"Nilimshika mkono. Kukawa giza, nikamwachia. Siwezi kuja nyumbani bila yeye, Anti."

Aikaeli akaelewa kwamba kijana huyu alitaka kujiadhibu, na kwamba neno moja la mama wa marehemu lingetosha kumrudisha majini. Jikoni bomba likafungwa.

"Usiingie," alisema. "Rudi na flight ya kwanza."

Zephaniah akasimama. "Shemeji, umetumaliza." Akachukua koti lake, na nusu ya sebule ikamfuata.

Maureen alikuja na mikono iliyolowa, akitaka kumpigia magoti. Aikaeli akamzuia.

"Usinishukuru, mama Eddie. Sitavumilia."

"Basi nikufanyie nini, dada?"

"Akitua Heathrow, usimpeleke kwako. Mlete hapa kwanza. Yeye ndiye wa mwisho kuwa na mwanangu."

Maureen akasema sawa. Ndipo Aikaeli alipolia, mara ya kwanza tangu habari zimfikie, akimwita Noel kwa sauti iliyovuka ukuta mpaka kwa majirani, na safari hii hakuna aliyemwambia la kufanya.