Akiba ya Mazoezi

Mimi ni mwanamke wa biashara, na mwanamke wa biashara hangoji mvua ikate barabara ndipo atafute maharagwe. Anajaza depo mapema. Ndivyo nilivyofanya na mazoezi, na sitaki mtu anicheke kabla sijamaliza.

Naitwa Kahambu. Depo yangu ya maharagwe iko commune Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mwaka huu sukari yangu ilipanda mpaka muuguzi Delphine akaniketisha na kunikumbusha mguu wa mama yangu, uliokatwa Butembo kwa ugonjwa huohuo. Nilishikwa na woga wa kweli. Siku ileile niliingia kundi la WhatsApp la kocha Israël, kijana wa Kinshasa anayefundisha akina mama kwa simu. Sheria yake ilikuwa moja: kila alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, kila mmoja atume video yake ya dakika tatu, akichuchumaa na kusimama huku anahesabu kwa sauti.

Nilidumu siku nne. Siku ya tano magoti yalilia, nikakumbuka kwamba akiba haiozi. Jumapili baada ya ibada nilimwomba binti yangu Dorcelle ashike simu, nikapiga video kumi na mbili mfululizo, kila moja na tisheti yake na kitambaa chake cha kichwa. Jumatatu nilituma ya kwanza nikiwa kitandani, shuka hadi kidevuni, kisha nikarudi kulala. Kocha alinisifu mbele ya wenzangu wa Kolwezi na Likasi, akasema mimi ndiye mfano wa kutokata tamaa. Nisiwadanganye, nilijisikia vizuri.

Siku ya sita ya akiba hiyo kocha aliandika kwamba Mama Kahambu anapungua. Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikaifungua ile video, ya tisheti ya njano. Kiuno cha yule mwanamke kilikuwa kimepungua kweli. Nikasema ni ubovu wa simu. Siku ya tisa mifupa ya shingo ilikuwa imejitokeza, na alichuchumaa mpaka chini kabisa, mahali ambapo mimi sijafika tangu nimzae Dorcelle. Nilijitazama kwenye kioo. Tumbo lilikuwa palepale.

Akiba iliisha Ijumaa. Jumamosi nilipoamka nilikuta video imeshatumwa saa kumi na moja na nusu, kutoka kwenye simu yangu iliyolala chini ya mto wangu. Nilimwita Dorcelle na kumuuliza ni mchezo gani huo.

"Mama, miye nilikuwa nalala," akasema. "Na ule muntu iko weye, lakini haiko weye."

Nilitaka kumzaba kofi kwa jibu hilo. Sikumzaba, kwa sababu nami nilikuwa nimeona hivyohivyo.

Kuanzia siku hiyo video zilijituma zenyewe kila alfajiri, na yule mwanamke alimaliza kila moja kwa namna mpya. Aliketi sakafuni, akanyanyua mguu wa kushoto, akauleta unyayo karibu na simu na kuubonyeza katikati kwa kidole gumba. Hapo hakuhesabu tena, alitazama tu. Kocha alidhani ni zoezi la kunyoosha misuli, akalipenda, akawaagiza wote waige. Asubuhi ya Jumatatu kundi lilijaa video za wanawake ishirini, kila mmoja sebuleni kwake, wanabonyeza unyayo wa kushoto kimyakimya. Mimi peke yangu sikubonyeza, maana nilikuwa nimelala.

Jumanne hakuchuchumaa hata mara moja. Alikaa dakika zote tatu ameshika unyayo, machozi yanamtoka. Mwishoni akasema, kwa sauti yangu mwenyewe:

"Kahambu, angalia muguu yako."

Niliketi, nikaugeuza mguu wangu wa kushoto chini ya taa. Katikati ya unyayo kulikuwa na ncha ya sindano ya kushonea magunia, imevunjikia ndani, na nyama iliyoizunguka ilikuwa nyeusi. Nilikuwa nimetembea nayo sijui siku ngapi. Nilibonyeza, sikusikia kitu. Sukari huua maumivu kwanza, mguu unafuata.

Hospitalini daktari aliondoa nyama iliyooza, akasema kama ningengoja mpaka Ijumaa angekata chini ya goti. Alisema mguu utabaki. Sikumwamini, maana mama yangu naye aliambiwa hivyohivyo. Nililala na bandeji kubwa, nimekatazwa kuifungua, sioni chochote na wala sisikii chochote chini ya kifundo.

Alfajiri simu ilitikisika. Video ilionyesha chumba kile cha wagonjwa, kitanda changu, na mimi juu yake, mdomo wazi, nakoroma. Yule mwembamba alikuwa ameketi ukingoni, ameushika mguu wangu kwa mikono miwili. Alipenyeza vidole vyake ndani ya bandeji, akahesabu vyangu kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayehakikisha mzigo wa mwenzake. Alifika tano. Kisha akaurudisha mguu kitandani na kuufunika shuka. Nililia sana, kwa furaha na kwa aibu pamoja.

Kesho yake haikuja video. Nilingoja mpaka karibu saa kumi na mbili, nikaelewa kwamba haitakuja. Nikamwamsha Dorcelle, aliyelala kando ya kitanda changu, ashike simu, nikaanza kuinua mikono na kuhesabu nikiwa nimeketi kitandani, tumbo langu lote mbele ya watu. Kwenye saba pumzi iliniishia, na Dorcelle akatuma hivyohivyo. Kocha akauliza huyu mama mgeni ni nani.

"Andika iko miye," nikamwambia Dorcelle, halafu nikaanza tena kutoka moja.