Goti la Yudith

Yudith alikuwa anaringa, na acha aringe! Binti yake Happyness, mtoto wa hapa hapa Berega, ni mhandisi wa chuo kikuu, kwenye idara inayowakutanisha meza moja mafundi vyuma, madaktari na washona nguo. Na mguu wa bandia walioutengeneza wamemvalisha nani wa kwanza? Mama mtu, aliyepoteza mguu, goti na yote, lori lilipomgonga Mikumi akiuza vitunguu.

"Mguu huu unapanda kilima, mama. Unapita hata kwenye tope," Happyness alisema. "Tunataka kuutangaza kwenye jarida la idara."

"Hongera, mwanangu. Unapiga goti?"

Happyness akamgeukia mkuu wake, Dokta Lupakisyo, aliyekuja naye. Dokta akajifanya anakagua skrubu. Walipima mambo yote, hilo hawakuliwaza.

"Miaka yote hii Kasisi Gabrieli ananiletea ushirika kwenye benchi," Yudith alisema. "Wenzangu wanapiga magoti mbele, mimi nahurumiwa. Huruma imenichosha, jamani!"

Wakaondoka na mguu wao kwenda kulifanyia kazi goti. Yudith akarudia magongo, akijilaumu kwa mdomo wake. Je, wakishindwa, si atakuwa amemvunja mtoto moyo?

Mguu ulirudi mvua zilipoanza, ukiwa na goti jipya la springi.

"Kukunja siyo kazi, mama. Kazi ni kuinuka. Kule chuoni liliinua gunia la mchele, lakini mtu bado. Tujaribu hapa nyumbani kwanza."

"Nitajaribu kanisani."

"Na ukianguka mbele za watu?"

"Nitaanguka mbele za Mungu, uzito wangu anaujua."

Jumapili, wakati wa ushirika, Kasisi Gabrieli akashuka na mkate kama alivyozoea. Akakuta benchi lina kitabu cha nyimbo tu.

"Niko huku, Baba Kasisi!"

Yudith alikuwa amepiga magoti mbele kabisa, katikati ya wanawake wenzake. Watu wakacheka, na kasisi naye akacheka. Akarudi, akampa mkate na kikombe.

Sasa kuinuka. Yudith akaegemea mbele. Springi ikalia, mwili ukapanda nusu, ukayumba. Happyness, pembeni yake, akanyoosha mkono amshike kwapa.

"Niache!" Yudith alinong'ona kwa ukali.

Akasukuma tena, jasho likimtoka. Akasimama. Wima, peke yake.

Vigelegele vikapigwa pale pale, ibada haijaisha. Happyness alikuwa analia, mhandisi mzima, kamasi na yote. Yudith akamshika mkono, akamgeukia kasisi.

"Huyu nilimfundisha mimi kusimama dede," alisema. "Leo kanisimamisha yeye."

Kisha akarudi kwenye benchi lake kwa njia ndefu, akipitia upande wa wanaume kwanza, taratibu, ili wamwone wote.