Ngumi ya Baba Joy

Muuguzi alinipa karatasi ya mlo ili nipunguze kilo tano, kwa kuwa magoti yangu yalikuwa yakikataa ngazi za darasa letu la watu wazima. Niliisoma mwenyewe, nikajivunia: “Ugali, kiasi cha ngumi moja.”

Siku tatu nilikula kiasi cha ngumi yangu. Usiku niliota kuku. Siku ya nne nilimwita mume wangu Mulongo, ambaye huvunja mawe hapa Munyaka.

“Baba Joy, kunja ngumi.”

“Nimekukosea nini, Mama Joy?”

“Iweke tu kando ya sahani.”

Nilimega ugali uliolingana na ngumi hiyo, nikashiba. Hivyo ndivyo tulivyopima kila jioni.

Mwisho wa mwezi nilikuwa nimeongeza kilo mbili.

“Mama, ulifuata karatasi kweli?” muuguzi aliuliza.

“Neno kwa neno. Haikusema ngumi ya nani.”

Alimtazama binti yangu wa miaka mitatu niliyekuwa nimempakata. Kisha akachukua kalamu, akaongeza kwa herufi kubwa ambazo nilizisoma bila shida yoyote: “NGUMI YA JOY.”