Vijiti Tisa, Mkono wa Kushoto

...si kwamba alidanganya, hapana, kudanganya ni kusema neno na yeye hakusema neno, alifanya mazoezi tu, na mtu akifanya mazoezi hupongezwa, ila nesi ameshaweka ubao mezani, ubao mweupe wenye matundu tisa na kibakuli cha vijiti tisa vya kuchomeka humo, "Mkono wa kushoto, mama, ukiwa tayari nianze saa," anasema, kidole kimeshakaa kwenye kitufe, na mkono wenyewe huu hapa, una ganzi tangu mwaka juzi, alipojishona kidole kwa cherehani asijue mpaka alipoona damu kwenye gauni la mteja... gauni jeupe, la nani vile... ndipo daktari akamweleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka, inaguguna ganda la neva, na kwamba kuna utafiti wa dawa mpya, miaka miwili, nusu ya wagonjwa watameza dawa, nusu kidonge kitupu, hata mimi sijui nani anameza nini, alisema, naye akasaini, na siku ya kwanza ubao huu ulimchukua sekunde arobaini na nane, yeye, fundi wa vifungo! aibu ikampanda mpaka masikioni, "Usijali, mama, tunapima tu," alisema nesi yuyu huyu, lakini nani anapenda kupimwa akaonekana hafai, akaenda kumlilia mumewe, na mumewe seremala, mtu wa misumari mingi na maneno machache, kesho yake jioni akaja na kipande cha mbao, matundu tisa, vijiti tisa vimepigwa msasa visimchome, "Haya, bibie, tuwaonyeshe kazi," na kila wakimaliza kula simu ilihesabu, arobaini, thelathini na tano, thelathini na moja, wakicheka kama watoto, mpaka vijiti akaviweza kuliko kitu chochote duniani, vijiti tu, maana kikombe bado kinamponyoka na nyuzi haziingii kwenye sindano... na mwezi uliopita daktari aligeuza karatasi mara mbili, "Ajabu, damu yako inaonyesha neva bado zinaumia, ile protini inayovuja neva zikiumia imepanda, lakini mkono unakwenda mbio, huenda dawa inauwahi mkono kabla ya damu," akaandika huku anatabasamu, na yeye naye akatabasamu, Mungu amsamehe, alitabasamu kama mwanafunzi aliyepewa zawadi... "Mama? Tuko tayari?" ... bado, ngoja, hata yeye angekaa kimya mpaka mwisho wa utafiti kama si Jumapili, mdogo wake alipokuja kumsaidia kumenya viazi akaangusha kisu, akakiokota, akakiangusha tena, "Dada, siku hizi vidole vyangu vina usingizi," akacheka, na dada mtu hakucheka, inawezekana si kitu, inawezekana ni uchovu, lakini kama ni kitu, basi siku moja daktari mwingine atafungua karatasi hizi, aone sekunde thelathini na moja, amwandikie mdogo wake dawa inayotibu vijiti... na wakinitoa kwenye utafiti je? kama kidonge changu ndicho chenye dawa? na mume wangu, nitamwambia nini, msasa wote ule, jioni zote zile, alikuwa na furaha kuliko mimi... anaogopa, ndiyo, anaogopa kutolewa kuliko anavyoogopa ugonjwa, lakini kile kisu kilianguka mara mbili, alikisikia kikilia sakafuni... saa haijaanza, kidole cha nesi bado kipo juu ya kitufe, vijiti vyote tisa vimelala kibakulini, na mkono wa kushoto haujasogea, ila macho yameshuka kwenye blauzi, vifungo sita, vyote vimekaa sawasawa mpaka shingoni, "Nesi, usibonyeze kwanza," anasema, "chukua kalamu uandike, mimi nyumbani nina ubao kama huu, na hii blauzi leo asubuhi nimefungiwa na mume wangu."